Hesabu Michoro Kabla ya Kuuliza Bei

Kitabu changu cha kwanza cha wasafiri wa zamani chenye michoro nilikinunua kwa sababu ya upepo. Ilikuwa mwaka 1989, meli yetu imefunga gati Izmir ikingoja shehena ya tini kavu na zabibu, nami, baharia wa sitaha kutoka Mombasa mwenye umri wa miaka 27, nilikuwa nimepewa ruhusa ya kushuka nchi kavu mpaka magharibi. Kwenye meza ya mchuuzi wa vitu vikuukuu palikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi iliyochubuka, kimefunguliwa penye mchoro wa mlango-bahari wa Bosphorus, na nilipoinama nikaona kwamba tanga la mashua, bendera ya meli iliyotia nanga na moshi uliokuwa ukitoka ufukweni vyote vilifuata upepo mmoja. Aliyechora pale alikuwa ameiangalia bahari kwa macho yake. Nililipa pesa nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya viatu, nikakibeba kitabu hadi melini kikiwa kimefungwa kwa gazeti la Kituruki, na usiku ule baada ya zamu nikakaa nacho chini ya taa ya kitandani hadi macho yakaniuma.

Kitabu chenyewe ni The Beauties of the Bosphorus, kilichotolewa London mwaka 1838 na George Virtue. Maandishi ni ya Julia Pardoe, mwanamke wa Kiingereza aliyekwenda Istanbul pamoja na baba yake, na michoro ni ya William Henry Bartlett. Wakati ule sikujua jina la yeyote kati yao. Nilichojua ni kwamba maji yale nilikwisha kuyapita mara nne, nikiwa nimesimama omoni kuangalia feri zinazokatiza mbele yetu, na kwamba alikuwapo mtu aliyeyatazama kwa makini miaka 150 kabla yangu. Tangu hapo hadi nilipostaafu mwaka 2011 nikiwa serahangi, kila meli iliponifikisha Piraeus, Aleksandria, Beirut, Limassol au Istanbul nilitafuta vitabu vya namna hiyo, yaani vitabu vya wasafiri wa Ulaya wa karne ya 18 na ya 19 waliokwenda Ugiriki, Uturuki, Shamu na Misri, vyenye michoro iliyopigwa chapa kutoka kwenye bamba la shaba, bamba la chuma, ubao au jiwe. Leo ninavyo 41. Vingi vina kasoro, na karibu kila ninalolijua kuhusu vitabu hivi nimelijifunza kutokana na kasoro hizo.

Kasoro ya kwanza niliigundua baada ya wiki mbili, tukiwa kusini mwa Krete. Nilikuwa nikisoma taratibu, kamusi pembeni, nikafika mahali ambapo mwandishi anamwelekeza msomaji autazame mchoro, lakini mbele yangu hapakuwa na mchoro wowote. Nikarudi mwanzo wa kitabu, nikakuta orodha ya michoro yote pamoja na ukurasa ambao kila mmoja unapaswa kukaa, nikachukua penseli nikaanza kutia alama. Michoro tisa haikuwepo. Nilipitisha kidole bondeni, pale kurasa zinapokutana na mshono, nikahisi kitu kama ukingo wa kadi: kipande cha karatasi nene chenye upana wa ukucha, kilichokatwa wima kwa wembe, kimenyooka kama kilichopimwa kwa rula. Nikaenda mahali pengine penye pengo, nikakuta kipande kama kile. Michoro hiyo haikung'oka kwa uchakavu wala haikuraruliwa na mtoto. Mtu aliketi, akaifungua kurasa kwa kurasa, akachagua mizuri. Aliyeniuzia alikuwa amesema kitabu kimekamilika, nami nilimwamini kwa sababu sikujua kwamba kuna njia ya kuhakiki.

Baadaye nilielewa kwa nini hufanyika hivyo, na ubaya wake ni kwamba hesabu yake ni sahihi. Kitabu kizima kinamhitaji mnunuzi mmoja mwenye pesa nyingi na hamu ya kusoma. Michoro 80 iliyokatwa inahitaji wanunuzi 80 wenye pesa kidogo na ukuta mtupu, na hao wako kila mahali: wenye hoteli, wenye mikahawa, watalii wanaotaka kumbukumbu ya mji waliofikia. Jumla ya vipande huzidi bei ya kitabu. Mimi huita kazi hiyo kuchinja kitabu, kwa kuwa kinachobaki ni ngozi na mifupa, maandishi yanayozungumza juu ya picha ambazo msomaji hazioni, na picha zilizoko ukutani mahali fulani bila mtu wa kuzisemea.

Hasara hiyo huonekana vizuri zaidi ukijua jinsi vitabu hivi vilivyotengenezwa. Shaba ni laini, na mistari iliyochongwa juu yake hulika baada ya kupigwa chapa nakala mia kadhaa. Kuanzia miaka ya 1820 wachongaji wa London walianza kutumia mabamba ya chuma, ambayo ni magumu kuchonga lakini hutoa maelfu ya nakala zenye mistari myembamba kama unywele, na ndipo wachapishaji kama Virtue, na Fisher mwenye vitabu vya Syria na Asia Ndogo, walipoweza kuuza michoro ya mbali kwa watu wa kipato cha kawaida. Waliiuza kwa awamu, kila toleo likiwa na michoro michache na kurasa kadhaa za maandishi ndani ya jalada la karatasi. Mnunuzi alikusanya matoleo yake hadi yakatimia, kisha akayapeleka kwa fundi wa kujalidi vitabu, naye fundi akayapanga kwa kufuata orodha iliyochapishwa kwa ajili hiyo. Ndiyo maana nakala mbili za kitabu kimoja zinaweza kutofautiana kabisa kwa jalada, na hata mpangilio wa michoro ukatofautiana kidogo. Na ndiyo maana orodha ile ni muhimu kuliko kitu chochote kingine ndani ya kitabu: ndiyo hati ya mapatano kati ya mchapishaji, fundi na msomaji.

Aliyenifundisha kuitumia vizuri alikuwa muuzaji mmoja mzee wa Athens, katika mitaa ya Monastiraki, karibu na uwanja wa Avissinias, ambao jina lake maana yake ni Uhabeshi. Nilimwendea mara ya kwanza mwaka 1993 na mfuko wangu wa turubai, nikashika kitabu, nikauliza bei. Hakunijibu. Alinivutia kiti, akakiweka kitabu mezani juu ya kitambaa, akasema kwa Kiingereza chake cha bandarini kwamba baharia haondoki gatini kabla ya kuhesabu mabaharia wenzake, basi na mimi nihesabu kwanza. Tulitumia zaidi ya saa nzima. Alinionyesha kwamba haitoshi kuhesabu idadi, kwa kuwa mtu anaweza kuchopeka mchoro wa kitabu kingine ili idadi itimie; ni lazima jina lililo chini ya kila mchoro lilingane na jina lililo kwenye orodha. Alinionyesha kwamba ramani ndiyo hutoweka mapema kuliko vyote, kwa sababu imekunjwa na hupasuka kwenye mikunjo, hivyo anayenunua aitafute kwanza. Alinionyesha kivuli cha hudhurungi ambacho mchoro hukiacha kwenye ukurasa unaoutazama baada ya miaka mingi ya kubanwa pamoja: ukikiona kivuli cha mnara kwenye ukurasa, na mbele yake hakuna mnara, basi unajua kilichoondolewa. Jambo hili la mwisho sijalisahau. Nilipofika melini nilikifungua kitabu changu cha Izmir, nikainamisha kurasa kwenye mwanga, na kwenye kurasa sita kati ya tisa nikaiona ile michoro iliyokatwa, hafifu kama moshi.

Kwa miaka kadhaa nilitaka kuyaziba mapengo yale. Michoro ya Bartlett iliyokatwa si adimu, na mwaka 1996 nilipata minne kati ya tisa ndani ya sanduku la kadibodi, mitatu ikiwa imetiwa rangi. Rangi hizo zilinipendeza mwanzoni. Kisha nikaangalia upande wa nyuma wa karatasi nikaona buluu ya anga imepenya mbichi, na nikaona rangi imevuka ukingo mpya uliokatwa, jambo lisilowezekana kama ilipakwa kabla ya kukatwa. Michoro ya chuma ya vitabu hivi kwa kawaida ilitoka ikiwa nyeusi kwa nyeupe. Rangi nyingi tunazoziona leo ziliwekwa na wauzaji wa picha za ukutani. Ule wa nne haukuwa na rangi, lakini ulikuwa umepunguzwa pande zote ili uingie kwenye fremu, ukawa mfupi kuliko ukurasa kwa vidole viwili. Ningeweza kuugundisha mahali pake. Sikufanya hivyo. Niliuweka kwenye bahasha yake ndani ya jalada la nyuma, nikaandika kwa penseli ulikotoka, ili atakayekirithi kitabu asidanganyike kama nilivyodanganyika.

Hapo huenda msomaji akauliza kwa nini maandishi yana thamani kiasi hicho ikiwa picha ndizo watu wanazozitaka. Jibu nililipata kazini. Nimeingia Bosphorus kutoka Bahari ya Marmara alfajiri, mchana na usiku, wakati wa ukungu na wakati wa jua, na ninajua kwamba vilima vyake ni vya wastani, vinashuka majini taratibu. Katika michoro mingi ya karne ya 19 vilima hivyo vimeinuliwa, minara imerefushwa, na mbele kabisa wamewekwa watu waliovaa vilemba wakivuta kiko kana kwamba kila mchana wa Istanbul ulikuwa wa kupumzika. Sababu si uongo wa mtu mmoja. Msanii alichora kwa haraka akiwa safarini, aliporudi London akausafisha mchoro wake, akampa mchongaji ambaye hajawahi kuvuka bahari yoyote zaidi ya ile ya Uingereza, na mchapishaji akataka kitu kitakachouzika. Picha tunayoiona imepita mikononi mwa watu wasiopungua watatu. Hata Turner, mchoraji mkubwa wa Kiingereza, alitengeneza picha za Nchi Takatifu kwa ajili ya kitabu kilichotoka mwaka 1836 ilhali hajafika huko. Alitumia michoro ya awali ya watu waliokwenda. Maandishi ndiyo yanayokwambia nani alikuwa wapi, mwezi gani, alipanda nini, alizuiwa na nani, na kilele kile alikiona kutoka upande upi. Mchoro ukishatenganishwa nayo, huwezi tena kuupima.

Jambo hili lina umri mkubwa kama vitabu vyenyewe. Mwaka 1486, huko Mainz, Bernhard von Breydenbach alitoa kitabu cha safari yake ya kwenda Nchi Takatifu, na alikuwa amemchukua msanii, Erhard Reuwich, kwa kusudi hasa la kuchora walichokiona njiani. Kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha safari kilichopigwa chapa kikiwa na michoro. Mna picha ya Venice inayokunjuliwa hadi kufikia kama mita 1.6, mna alfabeti ya Kiarabu, na mna ukurasa wa wanyama ambapo twiga, mamba na ngamia wamewekwa pamoja na farasi mwenye pembe moja, na maelezo yanasema wanyama hao wamechorwa kama walivyoonekana. Nimeutazama ukurasa huo kwenye kompyuta mara nyingi, maana kitabu chenyewe sitakishika maishani. Mtu akipewa ukurasa huo peke yake ataona kichekesho. Akiukuta mahali pake, katikati ya bandari ambazo Reuwich alizichora kwa uangalifu hadi milango ya ngome inatambulika, ataelewa ni mambo gani msafiri wa wakati ule aliyaona na ni mambo gani aliyaamini, na kwamba hakuona mpaka kati ya hayo mawili.

Nani alikuwa mtu huyu Bartlett nilikuja kujua pole pole. Alizaliwa mwaka 1809, akazunguka Ulaya, Marekani na Mashariki akichora, na kuanzia miaka ya 1840 akaanza kuandika mwenyewe maelezo ya vitabu vyake: kimoja cha Yerusalemu mwaka 1844, kingine cha jangwa la Sinai mwaka 1848, na The Nile Boat mwaka 1849. Hivi ninavipenda kuliko vile vikubwa vya mwanzo. Vina umbo la kushikika mkononi, jalada la kitambaa lenye mapambo ya dhahabu, na mkono ulioandika ni uleule uliochora, kwa hiyo maneno na picha havigombani. Alifariki Septemba 1854 akiwa na umri wa miaka 45, ndani ya meli ya Kifaransa iliyokuwa ikitoka Malta kwenda Marseille, akazikwa baharini. Njia ile nimeipita mara nyingi. Tangu nilipolijua jambo hilo, tulipokuwa tukiiacha Malta nyuma yetu nilikuwa nikipanda sitahani kwa dakika chache, hata kama si zamu yangu.

Wakusanyaji wengi hutaja kwanza jina la David Roberts, nami sina budi kumtaja, ingawa kitabu chake kikubwa hakikuwa cha mtu wa mshahara wangu. Roberts alikuwa mtoto wa fundi viatu wa karibu na Edinburgh, akaanza kazi kwa kuchora mandhari za jukwaa la maigizo. Alifika Aleksandria Septemba 1838, akapanda Nile hadi Abu Simbel, kisha Februari 1839 akatoka Kairo kupitia Sinai na Petra hadi Yerusalemu, na mwezi Mei akawa Baalbek. Michoro yake ilihamishiwa kwenye jiwe na Louis Haghe, Mbelgiji aliyefanya kazi hiyo yote kwa mkono wa kushoto kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa na ulemavu tangu kuzaliwa, na ikatolewa London na F. G. Moon kati ya 1842 na 1849. Mwaka 1855 na 1856 Day & Son walitoa toleo la umbo dogo, na hilo ndilo ninalo juzuu moja. Funzo langu hapa lilinigharimu mshahara wa nusu mwezi. Nilinunua picha ya Petra niliyoambiwa ni ya toleo la kwanza, karatasi yake ya njano, imechakaa vizuri. Nilipoitazama baadaye kwa kioo cha kukuzia nikaona nukta zilizopangwa kwa safu kama mahindi shambani. Chapa ya jiwe haina nukta za kupangwa. Ina chembechembe zisizo na utaratibu, kama chaki iliyopita juu ya ukuta wa chokaa, kwa sababu ndivyo ilivyo: kalamu ya mafuta imepita juu ya jiwe. Siku hizi kioo hicho kiko mfukoni mwangu pamoja na miwani.

Mwaka 2002, tukiwa na siku tatu Piraeus kwa ajili ya matengenezo, nilikwenda kuiona maktaba ya Gennadius mjini Athens, kwenye mteremko wa kilima cha Lycabettus, jengo la marumaru nyeupe lenye nguzo, lililofunguliwa mwaka 1926. Joannes Gennadius alikuwa mwanadiplomasia wa Ugiriki mjini London, na alikusanya kila alichoweza kuhusu Ugiriki na nchi jirani zake. Mwaka 1895 alilazimika kuuza sehemu ya maktaba yake mnadani. Akaanza upya, na hatimaye akatoa vitabu 26,000 kwa sharti kwamba vikae pamoja, katika jengo lake, vikiwa na jina la baba yake. Nilisimama pale nikiwa nimevaa shati langu la kushukia bandarini, nikatazama rafu zinazopanda hadi darini, na nikafikiria moyo wa mtu aliyekwisha kuonja kuona vitabu vyake vikitawanyika vipande vipande.

Funzo lililoniumiza kuliko yote lilikuwa la nyumbani. Nilipostaafu nilivirudisha vitabu Mombasa, nikavipanga ndani ya sanduku la mbao la marehemu bibi yangu, lenye misumari ya shaba, nikatia vidonge vya naftalini, nikafunga kwa ufunguo. Nilidhani ninavilinda. Masika yakaja, mvua ikanyesha wiki baada ya wiki, na mwezi Juni nilipofungua, harufu ilinipokea kabla ya macho. Ngozi zilikuwa zimeota kuvu nyeupe kama unga wa muhogo. Karatasi zilikuwa zimevimba, na jalada moja jekundu lilinibaki mkononi likiwa vumbi. Sanduku lilikuwa limefungia unyevu wa pwani ndani, na naftalini ilikuwa imefukuza mende tu. Nilivitoa vyote uani kwenye kivuli, si juani, kwa maana jua hupinda jalada na kufifisha kitambaa. Nikavisimamisha vikiwa vimeachama kidogo ili hewa ipite, na baada ya siku mbili nikaipangusa kuvu iliyokauka kwa brashi laini ya kunyolea, mdomo na pua nimevifunga kitambaa. Vitabu viwili sikuweza kuviokoa. Sasa viko kwenye rafu ya wazi iliyoachana na ukuta kwa upana wa kiganja, hapagusi jua, feni huzunguka mchana wakati wa kusi, na kila mwezi ninakitoa kila kitabu nikakifungua. Wanaoishi nchi za baridi huambiwa wasivishike vitabu vyao mara kwa mara. Pwani yetu inataka kinyume chake: kitabu kisichofunguliwa ndicho kinachokufa.

Mke wangu ni wa Unguja, na kwa muda mrefu aliyaona mambo haya kuwa ya mabaharia. Jioni moja aliniuliza Beirut ilifananaje zamani, kwa sababu alikuwa akisoma habari za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, ambaye baada ya maisha yake ya Ujerumani alihamia Jaffa, na kuanzia mwaka 1892 akaishi Beirut hadi 1914. Nilimletea juzuu ninayoimiliki ya Picturesque Palestine, kazi kubwa iliyohaririwa na Charles Wilson na kuanza kutoka mwaka 1880, yenye michoro mingi ya mbao na chuma, mingi ikiwa ya Wamarekani wawili, Harry Fenn na John Douglas Woodward. Juzuu hiyo inaifikia pwani ya Lebanoni. Tulikaa barazani tukaipitia, mimi nikimtafsiria, naye akinizuia kila nilipotaka kugeuza ukurasa haraka. Alitaka kujua maji ya kunywa yalitoka wapi, wanawake walipita njia gani kwenda sokoni, nyumba zilizotazama bahari zilikuwa za nani. Yale mengi niliyoweza kumjibu niliyapata kwenye maandishi. Kama ningekuwa na mchoro wa ukutani peke yake tungesema ni mzuri, tukanyamaza.

Yako pia mambo ambayo vitabu hivi vimebaki kuwa mashahidi wake kwa namna ambayo waliovitengeneza hawakuitarajia. Mwaka 1751 Robert Wood na wenzake walikwenda Palmyra, mji wa kale wa Syria, wakiwa na msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Borra, wakapima mahekalu kwa futi na inchi, na mwaka 1753 wakatoa kitabu cha michoro ya magofu hayo. Agosti 2015 hekalu la Bel lililipuliwa. Mnara wa Msikiti Mkuu wa Aleppo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa umeporomoka Aprili 2013. Nilipoisikia habari ya Palmyra redioni nilikuwa jikoni, nikaacha chai ikachemka hadi ikamwagika. Vipimo vya Borra vimeandikwa pembeni mwa michoro yake. Aliyeikata michoro hiyo aitie fremu, akapunguza kingo ili ikae sawasawa, huenda alizitupa nambari zenyewe.

Mwezi Machi mwaka huu alinijia kijana mmoja wa mtaani petu, mtoto wa rafiki yangu aliyetangulia mbele ya haki. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Ndani ya mfuko mlikuwa na The Nile Boat, jalada lake limefifia, mgongo umeachia upande mmoja. Kilikuwa kwenye vitu vya babu yake aliyefanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli. Kijana alikuwa ameangalia kwenye simu, akaona michoro ya kitabu hicho ikiuzwa mmoja mmoja, akapiga hesabu. "Nimeambiwa nikiikata nitapata zaidi, mzee. Nimekuja unishauri nianzie wapi."

Sikumficha ukweli. Nilimwambia hesabu yake ni sahihi, na kwamba akiuza kitabu kizima, hasa chenye mgongo ulioachia, atapata kidogo kuliko hivyo. Kisha nikatandika kitambaa mezani, nikampa penseli, nikafungua penye orodha ya michoro. Nilimwambia asome jina, mimi nitafute. Tulianza saa kumi. Alisoma majina ya Kiingereza kwa sauti, kila nilipoupata mchoro nikimgeuzia auone, naye akaacha kuangalia simu tulipofika Thebes. Ramani ilikuwepo, haijapasuka. Michoro yote ilikuwepo. Bondeni hapakuwa na kipande hata kimoja kilichokatwa, na karatasi laini za kukinga michoro zilikuwa bado mahali pake, isipokuwa mbili. Adhana ya magharibi ilitukuta tukiwa kwenye ukurasa wa mwisho.

Alisema atakwenda kuzungumza na mama yake. Nilimfungia kitabu kwenye kitambaa safi, nikamwomba asikiweke tena kwenye plastiki, na kabla hajaondoka nilinakili orodha nzima kwenye daftari langu, kila mchoro na ukurasa wake. Bado hajarudi. Daftari liko juu ya rafu, kando ya kile cha Izmir.